Kompresa kuukuu itengenezwe, bali tangi bovu lisisamehewe

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Walinena pia kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Kati ya methali hizi mbili ndipo anaposimama kijana yeyote mwenye karakana ndogo nyuma ya nyumba ya wazazi wake, awe Nakuru, Kakamega, Voi au Kariobangi, anapoitazama kompresa kuukuu aliyoipata kwa bei ya vyuma chakavu. Moyo mmoja humwambia aiache ioze, adunduize fedha hadi atakapoweza kununua mpya dukani. Moyo wa pili humwambia aifungue, aisafishe, abadilishe kilichochakaa na kuitia kazini. Safu hii leo inauunga mkono moyo huo wa pili, lakini kwa sharti moja zito ambalo, lisipotimizwa, ni heri kijana huyo ausikilize wa kwanza.

Sharti lenyewe ni hili. Kila kiungo cha mashine hiyo, kuanzia mkanda hadi pistoni, chaweza kutengenezwa au kubadilishwa karakanani nyumbani na mtu mwenye subira na spana chache. Tangi la kuhifadhia upepo halimo katika orodha hiyo. Tangi lililoliwa na kutu halina tiba. Halizibwi, haliungwi kwa moto wala halipakwi rangi likapona. Na kwa kuwa mafundi wetu wengi huanza matengenezo kwenye mota na kumalizia kwenye rangi, tangi likaguliwe mwisho au lisikaguliwe kabisa, nimeona ni wajibu kulizungumza jambo hili kinagaubaga.

Huenda msomaji akauliza, kompresa ni kitu gani hata kijaziwe ukurasa wa gazeti? Jibu ni kwamba mashine hii ya upepo, kama waiitavyo wengi, imekuwa mlango wa riziki kwa maelfu ya jamaa zetu. Fundi wa magurudumu kando ya barabara hana kazi bila upepo. Mpaka rangi wa magari, seremala apulizaye vanishi kwenye kabati, fundi wa pikipiki azibuaye kabureta iliyoziba, wote huutegemea upepo huo huo. Kijana mwenye kompresa nzima amejiajiri. Asiye nayo husubiri kuajiriwa na aliye nayo.

Tena hili si jambo geni katika historia ya uchumi wetu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya ndiyo iliyoufanya ulimwengu uanze kuizungumzia kwa uzito sekta isiyo rasmi, ile tuliyozoea kuiita jua kali. Mwaka 1992 serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 2 kuhusu biashara ndogo ndogo na maendeleo ya jua kali, na mwaka 2012 Bunge likapitisha sheria ya biashara ndogo sana na ndogo. Hayo yote ni mema. Hata hivyo, mijadala yetu kuhusu jua kali aghalabu huanza kwenye vibanda na kuishia kwenye mikopo. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kuhusu usalama wa chuma kilichojaa upepo ambacho fundi hukiinamia mchana kutwa, na ambacho mtoto wake hukikalia jioni akidhani ni farasi.

Basi tuanze na tangi, kwa maana ndilo linaloamua kama kuna kazi ya kufanywa au la. Chukua tangi la kawaida la lita 50, lenye kipenyo cha sentimita 30 hivi, yaani takribani inchi 12. Mashine ikijaza upepo hadi ratili 120 kwa kila inchi mraba, ambacho ni kipimo cha kawaida kabisa, kila kifuniko cha mwisho wa tangi hilo husukumwa kwa nguvu ipitayo ratili 13,000. Hizo ni takribani tani sita, uzito wa ndovu dume aliyekomaa. Ndovu huyo hasimami hapo kwa dakika moja tu. Husimama kila siku, akiondoka na kurudi kila mota inapowaka na kuzima. Kinachomzuia asivunje ukuta ni bati la chuma lenye unene wa milimita chache.

Sasa adui wa bati hilo ni nani? Ni maji. Wengi hushangaa kuambiwa kuwa kompresa hutengeneza maji, ilhali haikutiwa hata tone. Siri ni kwamba hewa tunayovuta ina unyevu ndani yake, na hewa ikishindiliwa pamoja kisha ikapoa, haiwezi tena kuubeba unyevu wote iliokuja nao. Hewa ya Mombasa yenye joto la digrii 30 na unyevu wa asilimia 80 huwa na takribani gramu 24 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Tangi la lita 50 likijazwa hewa hiyo hadi ratili 120, gramu tisa hivi za maji, yaani karibu vijiko viwili vya chai, hubaki chini ya tangi upepo unapopoa. Fundi anayetumia upepo wa kiasi hicho mara ishirini kwa siku aweza kuacha ndani ya tangi lake maji yapatayo kikombe kidogo. Asipoyafungulia yatoke kila jioni, maji hayo hulala chini na kuitafuna sakafu ya tangi usiku kucha, huku nje rangi ikimeremeta kana kwamba hapana lililoharibika.

Hapo ndipo ilipo hatari. Ukuta wa tangi ukipungua unene kwa nusu, mkazo ndani ya chuma kilichobaki huongezeka maradufu kwa shinikizo lile lile. Kutu nayo hailiwazi bati sawasawa kama msasa. Huchimba vishimo, na kila kishimo ni mahali ambapo ufa waweza kuanzia. Siku ya kupasuka, upepo ulioshindiliwa hutanuka ghafla, ukararua chuma na kurusha vipande. Mficha maradhi kilio kitamfichua, nasi twaficha maradhi ya matangi kwa kopo la rangi.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye karakana, kabla ya kushika spana, ichomoe mashine kwenye umeme na kuutoa upepo wote hadi sindano ya geji ilale kwenye sufuri. Kisha fungua koki iliyo chini ya tangi na kutazama kitakachotoka. Maji yenye rangi ya chai hafifu ni ya kawaida kwa mashine iliyokaa. Matope mekundu na magamba ya chuma ni habari nyingine. Ondoa vizibo na viungio vilivyo kwenye matundu ya tangi, ingiza tochi ndogo, uangalie sakafu yake. Tazama kwa makini pale miguu ilipoungwa na pale koki ilipofungwa, maana maji hupenda kukaa huko. Kwangua rangi iliyovimba upande wa chini kwa brashi ya waya. Ukikuta tundu dogo hata kama la sindano, ukikuta kiraka cha moto, ukikuta vishimo vilivyotapakaa au mbonyeo mkubwa, safari ya tangi hilo imefikia kikomo. Tundu la sindano huonyesha kwamba bati lote linalolizunguka limekwisha kuwa jembamba.

Wapo watakaosema, "Nitalipeleka kwa jamaa wa kuchomelea, aliweke kiraka." La hasha! Moto wa kuchomelea juu ya bati lililoliwa huongeza udhaifu kando ya kiraka, na hakuna ajuaye uzima wa chuma kilicho sentimita mbili kutoka hapo. Wengine hugeuza mtungi wa gesi ya kupikia kuwa tangi. Hilo nalo ni la kuogopwa, kwa sababu mvuke wa gesi uliosalia mtungini waweza kulipuka unapotobolewa au kuchomelewa, na mtungi wenyewe haukuundwa kukaa na maji ndani mwaka baada ya mwaka bila koki ya kuyatoa. Wengine huunganisha mabomba ya plastiki ya maji yabebe upepo. Plastiki hiyo hupasuka vipande vikali kama kioo. Si mahali pa upepo ulioshindiliwa.

Hata tangi linaloonekana zima kwa macho halijapata cheti cha uzima. Njia ya kulijaribu ni kulijaza maji pomoni, pasibaki hewa, kisha kulishindilia kwa pampu ya mkono hadi kupita shinikizo la kazi. Desturi ya muda mrefu imekuwa mara moja na nusu. Kwa nini maji? Kwa sababu maji hayashindiliki kama hewa. Tangi likishindwa likiwa limejaa maji, hutokwa na jasho au kububujika, na shinikizo huanguka papo hapo. Likishindwa likiwa limejaa upepo, hulipuka. Asidanganyike mtu kulijaribu tangi kuukuu kwa upepo akisema anapima tu.

Sheria ya mwaka 2007 kuhusu usalama na afya kazini haikulisahau jambo hili. Inadai matangi ya upepo yanayotumiwa kazini yawe na alama inayoonyesha shinikizo salama, yawe na vali ya usalama, geji iliyo sahihi na njia ya kutolea maji, na yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa kila baada ya muda uliowekwa. Kibati cha kiwandani kilichopigwa chapa ya shinikizo la tangi si pambo. Tangi lisilo na kibati halijulikani lilizaliwa kubeba nini, na kulijaza ni kubahatisha.

Tangi likikataliwa, usiiuzie mashine hiyo jirani asiyejua. Litobolewe kwa keekee matundu makubwa mawili matatu, upepo ukiwa umekwisha kutolewa wote, ndipo liende kwa wauza vyuma. Kwa njia hiyo halitarudi mjini likiwa na rangi mpya na mwenye bahati mbaya mwingine. Kichwa chake, mota na swichi vyaweza kuwekwa juu ya tangi lingine lenye kibati chake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tangi likifaulu, basi kazi ya furaha na ianze. Kwanza chukua picha za mashine kwa simu kutoka kila upande kabla ya kufungua hata nati moja, kwani mabomba madogo ya shaba huonekana rahisi kuyakumbuka hadi yanapokuwa mezani. Safisha nje kwa mafuta ya taa na brashi, mahali penye hewa ya kutosha na pasipo moto. Usitumie petroli ndani ya chumba. Mvuke wake hutafuta cheche hata usizoziona.

Kabla ya kufungua kichwa, isikilize mashine, maana hueleza ugonjwa wake. Ikiwa upepo unatemwa nje kupitia chujio la kuvutia hewa, vali ya kuingizia haifungi. Ikiwa geji hupanda hadi nusu kisha ikakwama ilhali mota yaendelea kuzunguka, shaka iangukie vali ya kutolea, gasketi au ringi za pistoni. Ikiwa upepo hutoka na mafuta mengi, ringi zimechoka, au oili imezidishwa, au chujio limeziba. Na ikiwa mota huwaka tangi likiwa tupu lakini hunguruma bila kuzunguka tangi likiwa na upepo, usikimbilie kuilaumu mota. Yamkini ile vali ndogo inayozuia upepo wa tangi usirudi nyuma imechafuka, hivyo pistoni inalazimika kuanza safari ikisukuma mlima. Ishara yake nyingine ni mlio wa upepo unaovuja kwenye swichi bila kukoma baada ya mota kuzima. Mlio mfupi ni mzuri, kwani swichi huutoa upepo uliobaki kwenye bomba ili mota iwake kwa wepesi. Mlio usiokoma ndio ugonjwa. Dawa yake aghalabu ni kuitoa vali hiyo, upepo wote ukiwa umekwisha kutolewa, na kuisafisha au kuibadilisha kwa fedha chache. Ni mota ngapi zilizosokotwa upya bure, kosa likiwa la kipande cha mpira chenye ukubwa wa shilingi?

Ndani ya kichwa mna vibati vyembamba vya chuma cha pua vinavyofunguka na kujifunga kwa kila pigo la pistoni. Vikiwa vimepinda, vimepasuka au vimeganda masizi, mashine huhema bila kujaza. Kibati kilichopasuka kibadilishwe. Sahani vinapokalia isuguliwe polepole juu ya kioo kinene kilichotandikwa msasa laini wenye mafuta, hadi uso wote uwe wa rangi moja. Ukuta wa silinda uupitishie ukucha: mikwaruzo isiyoshika ukucha inavumilika, inayoushika yahitaji kazi ya mashine ya kuchongea au silinda nyingine. Ringi nazo, ukiziingiza peke yake ndani ya silinda, zitakuonyesha kwa pengo lililopo kati ya ncha zake jinsi zilivyolika.

Usikate gasketi kwa katoni ya sabuni. Upepo unaotoka katika silinda huwa na joto kali, na katoni huungua ikaanza kuvuja kabla ya wiki kwisha. Nunua karatasi ya gasketi inayostahimili joto, na unene wake ulingane na wa ile ya zamani. Ikiwa nyembamba mno pistoni yaweza kugonga sahani ya vali, na ikiwa nene mno mashine hutoa upepo haba. Bolti za kichwa zikazwe kwa zamu, ukivuka kutoka pembe hadi pembe, kidogo kidogo, wala si moja hadi mwisho ndipo uje kwa nyingine.

Oili ni suala linalowagawanya mafundi. Wengi humimina ile ile ya gari. Lakini oili nyingi za gari zimetiwa dawa za kubeba uchafu uende ukachujwe, na kompresa ndogo haina chujio la oili. Oili ya kompresa, isiyokuwa na dawa hizo, huacha masizi machache juu ya vali na huachana na maji kwa urahisi. Tofauti ya bei kwa mashine inywayo chini ya lita moja haifai kumshawishi mtu mwenye hesabu.

Mkanda ukikazwa, kidole gumba kiweze kuubonyeza katikati kwa takribani sentimita moja. Puli kubwa ya kichwa ina mabawa yanayopuliza silinda ipoe. Hakikisha mota haizunguki kinyume, la sivyo silinda itakosa upepo wa kuipooza. Na ile kinga ya waya inayofunika mkanda, ambayo wengi huitupa kwa kuwa "inasumbua", irudishwe mahali pake. Vidole vya mtoto havijui kuwa mashine hujiwasha yenyewe.

Kuhusu umeme, kapasita ya mota huweza kuhifadhi chaji hata baada ya waya kuchomolewa, hivyo asiyejua kuitoa chaji hiyo amwite fundi wa umeme. Soma kibati cha mota: baadhi ya mashine za mitumba huja kutoka nchi zenye umeme wa volti 100 au 110, nazo zikiunganishwa kwenye umeme wetu wa volti 240 huungua. Waya wa ardhi usikatwe. Na usiilishe mota kwa waya mrefu mwembamba uliotolewa nyumba ya tatu. Volti hupungua njiani, mota ikashindwa kuanza, waya ukapata moto.

Baada ya hayo, vali ya usalama ijaribiwe kwa kuvuta pete yake. Isipotema upepo, inunuliwe nyingine iliyopangiwa kufunguka juu kidogo ya kikomo cha swichi, lakini isivuke shinikizo lililoandikwa kwenye tangi. Aizibaye vali hiyo kwa bolti kwa sababu "inamwaga upepo wetu" amejichimbia kaburi mlangoni pake. Viungio vyote vipakwe maji ya sabuni ili mapovu yaonyeshe panapovuja. Mwisho, pima kazi yako kwa saa. Tangi la lita 50 likijaa hadi mara nane ya shinikizo la hewa ituzungukayo limepokea lita 400 za hewa ya kawaida. Likijaa kwa dakika nne, mashine yako hutoa lita 100 kwa dakika. Andika muda huo ukutani. Mwakani utakueleza, bila kubahatisha, kama mashine imechoka.

Lakini vipimo hivyo visomwe kwa kuzingatia mahali. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita ikilinganishwa na ya Mombasa. Mashine ile ile itachukua muda mrefu zaidi, kama sehemu moja ya tano hivi, kulijaza tangi lile lile jijini. Fundi aliyeinunua Pwani akaipandisha bara asidhani amelaghaiwa. Pwani nayo ina madai yake: unyevu mwingi wa kutolewa kila jioni na chumvi ya bahari inayokula chuma kutoka nje. Na anayefanya kazi kwenye vumbi la barabara afungue chujio la hewa kila wiki.

Nayajua mapingamizi. Kuna wasemao kuwa jasho hili lote ni bure, mashine mpya zimejaa madukani. Kweli, ikiwa tangi limeoza, silinda imepasuka na mota imeungua, kilichobaki ni jina tu, na mpya ndiyo busara. Lakini mashine mpya nayo itakuwa kuukuu, na aliyekwisha kuifungua moja hatababaishwa na muuza vipuri wala kuitupa kwa sababu ya gasketi. Elimu hiyo haiuzwi pamoja na mashine.

Kuna wasemao, "Nimelitumia tangi hili miaka ishirini, halijanifanya lolote." Hoja hiyo yathibitisha tu kwamba lilikuwa na nguvu ya kutosha hadi jana. Kutu hailipi mshahara wa uaminifu. Kila mwaka ulioongezeka umepunguza bati. Na husemwa kuwa ajali haina kinga. Hii yetu ina kinga nayo haina gharama: kufungua koki ya chini kila jioni.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nalo linatoka kwa fundi maskini. Husema kuwa ukaguzi wa matangi umewekwa kwa ajili ya viwanda vikubwa. Yeye atampata wapi mkaguzi, na amlipe nini? Hapa lawama haimwangukii fundi. Sheria isiyofikika na mnyonge humfanya mhalifu bila kumfanya salama. Ndiyo maana nawageukia wakuu wa kaunti. Katiba ya mwaka 2010 iliwakabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini. Pampu ya mkono, geji sahihi na mfereji wa maji si vitu vya kushinda chuo chochote. Kila chuo na kitenge siku maalumu, tuseme mara mbili kwa mwaka, ambapo mkaguzi aliyeidhinishwa atafika, na mafundi wa eneo hilo walete matangi yao yapimwe kwa ada ndogo, mbele ya wanafunzi. Lililofaulu lipigwe chapa ya tarehe. Lililoshindwa litobolewe pale pale, na mwenyewe asaidiwe kupata jingine kupitia chama chake cha akiba na mikopo. Nao wafanyabiashara wa mashine za mitumba walazimishwe kutouza tangi lisilo na kibati.

Wanafunzi hao watafaidi zaidi ya mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 uliahidi kumpa mtoto ujuzi wa mikono, lakini wengi wetu tuliuona ujuzi huo kama adhabu ya walioshindwa vitabu. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa baadaye umetoa ahadi kama hiyo kwa maneno mapya. Kompresa moja kuukuu juu ya meza ya karakana ingeitimiza ahadi hiyo kuliko hotuba kumi. Ndani yake mna kanuni aliyoitangaza Robert Boyle mwaka 1662 kuhusu hewa na shinikizo. Mna joto, umeme, msuguano, hesabu za ujazo na bei ya oili. Mna pia funzo la uadilifu, kwa kuwa mwanafunzi hujifunza kukataa kukipaka rangi kilichooza.

Nawe mzazi, ukimwona mwanao amelifungua jidude hilo uani, mikono imejaa masizi na vipande vimetapakaa gazetini, usimfokee kuwa anachafua nyumba. Muulize swali moja tu: "Mwanangu, tangi umelitazama ndani?" Akikuonyesha maji aliyoyatoa, kibati cha shinikizo na chapa ya mkaguzi, mwache aendelee na umtafutie fedha za gasketi. Akikosa kukujibu, mzuie asiiwashe hadi apate jibu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.